Injini zikizimika angani, je, ndege huanguka kama jiwe?

SWALI: "Mwalimu, mimi ni mfanyabiashara na karibu kila mwezi husafiri kwa ndege kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Safari iliyopita, tulipolikaribia Ziwa Victoria, ndege ilishuka ghafla hata nikahisi tumbo limenipanda kifuani, na abiria jirani akasema tumeingia kwenye mfuko wa hewa. Nilipomsimulia binti yangu aliye kidato cha tatu, akaniambia wamesoma kwamba kitu kinachoanguka hufika mahali kikaacha kuongeza kasi, na kwamba injini za ndege zikizimika, ndege nayo itaanguka vivyo hivyo kama jiwe. Akaongeza kuwa vitu vyote, vizito na vyepesi, huanguka sawasawa, jambo ambalo mimi niliyekulia chini ya minazi siwezi kulikubali. Tangu siku hiyo nimeahirisha safari mbili. Ukweli ni upi, na je, niendelee kupanda ndege?"

JIBU: Dada yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna hofu moja na maswali kadhaa ya fizikia yaliyofungwa pamoja nayo. Hofu yako, kama nimekuelewa vizuri, ni kwamba ndege inashikiliwa angani na injini peke yake, kwamba chini yake hakuna kitu, na kwamba siku injini zikinyamaza hakutabaki cha kuizuia isiporomoke. Nitangulize jibu ili usiyasome yanayofuata kwa wasiwasi: ndege ya abiria ambayo injini zake zote zimezimika ikiwa juu haianguki kama jiwe, bali huteremka kwa mteremko mrefu, huku rubani akiendelea kuiongoza. Binti yako amejifunza jambo la kweli, ila amelipeleka pasipo pake. Nawe kuhusu minazi umeona sawa.

Kosa linalozaa makosa mengine yote katika jambo hili ni kudhani kwamba hewa si kitu. Chumba cha kulala chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3 kina hewa yenye uzito wa zaidi ya kilo 50, yaani kama mfuko mmoja wa saruji. Hatuuhisi uzito huo kwa sababu tunaishi ndani yake, kama samaki wanavyoishi ndani ya maji. Lakini mtu aliyewahi kutoa mkono nje ya dirisha la gari anaijua hewa vizuri: gari likienda polepole mkono hauhisi lolote, na likienda kasi mkono unasukumwa nyuma kana kwamba kuna mtu anauzuia. Lililo muhimu hapa ni kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wa hewa hauongezeki mara mbili bali mara nne, na kasi ikiongezeka mara tatu, msukumo huongezeka mara tisa. Kanuni hiyo ndogo ndiyo itakayotufikisha hadi kwenye ndege yako.

Sasa fikiria nazi iliyochomoka kwenye kole, mita 20 kutoka ardhini. Mwanzoni kabisa kani moja tu ya maana, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, huifanyia kazi, nayo ni uzito wake, yaani mvuto wa dunia. Kwa sababu hiyo kila sekunde inayopita huiongezea kasi ya mita 9.8 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 35 kwa saa. Lakini kadiri inavyozidi kukimbia ndivyo hewa inavyozidi kuisukuma kutoka chini, na msukumo huo, ambao tunauita ukinzani wa hewa, hukua haraka kuliko kasi yenyewe. Mnazi ungekuwa na urefu wa mamia ya mita, ingefika hatua ukinzani wa hewa ukalingana kabisa na uzito wa nazi. Kuanzia hapo kani ya kuvuta chini na kani ya kusukuma juu zingekuwa sawa, hakuna ambayo ingeishinda nyingine, na nazi ingeendelea kushuka kwa kasi ileile bila kuongeza wala kupunguza. Kasi hiyo ndiyo aliyoisoma binti yako, nami nitaiita kasi kikomo. Nazi ya mita 20 haifiki huko. Hutua ikiwa na kilomita 60 na ushei kwa saa, bado inaongeza mwendo, na wazee waliotukataza kukaa chini ya mnazi wenye nazi kavu walikuwa na sababu nzuri sana.

Hapa wanafunzi wengi huteleza, na pengine ndipo alipoteleza binti yako. Wengine hudhani kwamba katika kasi kikomo mvuto wa dunia umekwisha. Haukwishi, uko vilevile kama ulivyokuwa mwanzo, ila sasa una mpinzani anayelingana nao. Wengine hudhani kwamba kani zikilingana kitu husimama. Hakisimami, kwa sababu kani zinazolingana hazisimamishi mwendo, zinauacha ulivyo. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa katika barabara tambarare linasukumwa na injini wakati wote, na bado kasi yake haiongezeki, kwa kuwa hewa na msuguano wa magurudumu vinarudisha nyuma kila kinachosukumwa na injini. Abiria ndani ya basi hilo anaweza kusinzia, kwa maana mwili wake hauhisi mwendo usiobadilika. Naomba uikumbuke hali hii ya usawa katikati ya mwendo, kwa sababu ndege inayoruka angani imo ndani yake.

Na je, vitu vizito na vyepesi huanguka sawasawa? Pasipo na hewa, ndiyo. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15, akiwa amesimama juu ya Mwezi, aliachia kwa wakati mmoja nyundo yenye kilo 1.3 na unyoya wa kozi wa gramu 30, na vyote viwili vikagusa vumbi pamoja, kwa kuwa Mwezi hauna hewa ya kumsumbua yeyote. Duniani hewa ipo, na jani la mwembe lenye uzito mdogo na upana mkubwa hulingana na ukinzani wake karibu mara tu linapoachiwa, kwa hiyo hushuka likipepea wakati nazi imekwisha kutua. Kwa hiyo mwalimu wa binti yako hakukosea, wala macho yako hayakukosea. Kanuni ya mwalimu ni ya mvuto peke yake, na ulichokiona wewe ni mvuto pamoja na hewa.

Kutokana na hayo utaona kwamba kasi kikomo si namba moja ya dunia nzima. Inategemea uzito wa kitu, upana wa eneo linaloikabili hewa, umbo lake, na jinsi hewa yenyewe ilivyo nzito mahali hapo. Ukubwa nao una siri yake: ukikipunguza kitu urefu, upana na kimo kwa nusu, uzito wake hubaki sehemu moja kati ya nane, lakini eneo linaloikabili hewa hubaki sehemu moja kati ya nne, na kwa hiyo kidogo huwa na hewa nyingi ya kukibeba kwa kila gramu yake. Ndiyo maana siafu akidondoka kutoka kilele cha mbuyu huinuka na kwenda zake. Ndiyo maana pia mvua ya masika haituui. Tone linaloanguka kutoka wingu lililo mita 2,000 juu lingefika ardhini na kasi ya takriban kilomita 700 kwa saa kama pasingekuwa na hewa, na mabati ya nyumba zetu yangekuwa chekecheke. Kwa sababu hewa ipo, tone kubwa kabisa, lenye upana wa milimita 5 hivi, hushuka kwa mita 9 tu kwa sekunde, na likizidi sana ukubwa huo hewa hulipasua. Shika namba hii ya mita 9 kwa sekunde, nitairudia.

Binadamu anayeruka kutoka ndegeni, kama wafanyavyo warukaji wa miavuli pale Diani, akijilaza kifudifudi na kutandaza mikono na miguu hufikia kasi kikomo ya karibu mita 55 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 200 kwa saa, na huifikia ndani ya sekunde 12 hivi. Akigeuka kichwa chini na kubana viungo, kasi hupanda, ingawa uzito wake haujabadilika hata gramu moja. Kilichobadilika ni eneo analoikabilia hewa. Akifungua mwavuli, eneo hilo huwa kubwa ghafla, ukinzani huuzidi uzito mara kadhaa, mwendo hupungua haraka, na baada ya muda mfupi usawa mpya hupatikana kwa kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde. Watu wengi wakitazama video husema mwavuli ulipofunguka mrukaji alirushwa juu. Hakurushwa, alipunguza kasi, na aliyekuwa akimpiga picha ndiye aliyeendelea kushuka upesi. Hewa nyepesi nayo hubadilisha hesabu yote: tarehe 14 Oktoba 2012 Felix Baumgartner aliruka kutoka karibu kilomita 39 juu ya New Mexico, Marekani, mahali ambapo hewa ni haba mno, akafikia kilomita 1,357 kwa saa, kasi inayopita ya sauti. Alipoingia kwenye hewa nzito ya chini alipungua mwendo kabla hata hajaugusa mwavuli wake. Alishuka na wakati huohuo kasi yake ikashuka, jambo lisilowezekana kwa mtu anayedhani mvuto ndio pekee unaoamua.

Kabla hatujapanda ndege, mpe binti yako jaribio moja ambalo halina gharama kubwa. Anunue vile vikombe vya karatasi vya kuokea keki ndogo. Kimoja akishike mita 1 kutoka sakafuni, na vinne vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine avishike mita 2 kutoka sakafuni, kisha aviachie pamoja, feni ikiwa imezimwa. Vitatua karibu kwa wakati mmoja. Rundo lina uzito mara nne, lakini kasi yake ni mara mbili tu, na sababu yake ni ileile kanuni ya mara nne niliyoieleza kwenye dirisha la gari. Nimeliona jaribio hili likiwafungua macho wanafunzi ambao kurasa nyingi za daftari hazikuwafungua.

Sasa ndege. Kani kuu zinazoishughulikia ni nne: uzito unaoivuta chini, kani ya kuinua inayotoka kwenye mabawa, msukumo wa injini unaoipeleka mbele, na ukinzani wa hewa unaoirudisha nyuma. Inaporuka kwa kimo kimoja na kasi isiyobadilika, ya juu inalingana na ya chini na ya mbele inalingana na ya nyuma. Angalia injini ziko wapi katika orodha hiyo: kazi yake ni kusukuma mbele, dhidi ya ukinzani. Kinachoibeba ndege ni mabawa, nayo hufanya kazi hiyo kwa kuigeuza hewa inayopita ielekee chini. Hewa ikisukumwa chini, nayo hulisukuma bawa juu, na utaikuta hali hiyo kama shinikizo lililo kubwa chini ya bawa na dogo juu yake. Aliyewahi kupanda ngalawa anaijua jamaa ya kani hii. Nahodha haendi tu kule upepo unakoelekea. Hulipanga tanga kwa pembe, likaupinda upepo, na chombo kikakata kwenda ubavuni. Bawa ni tanga lililolazwa, na upepo wake ni mwendo wa ndege yenyewe.

Kwa hiyo injini zikizimika, kinachopotea ni msukumo wa mbele. Ukinzani utaanza kupunguza mwendo, na rubani, ili mabawa yaendelee kupata hewa ya kutosha, huinamisha pua kidogo na kuiacha ndege iteremke, kama mwendesha baiskeli anayeacha kukanyaga pedali na kuteleza na mlima. Sasa kimo ndicho mafuta. Ndege kubwa za abiria huteleza mbele kama kilomita 15 au zaidi kwa kila kilomita 1 zinayoshuka, kwa hiyo kutoka kimo cha kilomita 10 rubani ana kilomita 150 hivi za kutafuta uwanja, umbali unaozidi ule wa Dar es Salaam hadi Chalinze. Wewe mwenyewe umekwisha kuionja hali inayofanana na hiyo bila kujua. Kila safari inapokaribia mwisho kuna wakati sauti ya injini hupungua sana na ndege huanza kuinama. Marubani wameziacha injini zikizunguka bila kazi kubwa na wanaiteremsha ndege kwa mabawa.

Nikupe kisa kimoja ambacho kimechunguzwa na kuandikwa kwa undani. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege aina ya Airbus A330 ya shirika la Air Transat ilikuwa ikivuka Atlantiki kutoka Toronto kwenda Lisbon. Mafuta yalivuja njiani, injini moja ikazimika, kisha ya pili, ikabaki ndege yenye watu 306 juu ya bahari bila injini hata moja. Iliteleza kwa dakika 19 hivi, karibu kilomita 120, ikatua kwenye uwanja wa Lajes katika visiwa vya Azores. Watu wote walipona. Ukigawanya kimo walichoshuka kwa muda waliotumia, utapata kwamba ndege ile ilikuwa ikishuka kwa takriban mita 9 kwa sekunde. Ni kasi ya tone kubwa la mvua, dada yangu. Chombo chenye uzito wa zaidi ya tani 100, bila injini, kilishushwa na hewa kwa mwendo wa tone la masika.

Sitakuwa mkweli nikiishia hapo, kwa sababu ndege inaweza kuanguka kweli, na namna inavyoanguka ndiyo inayoonyesha mahali hatari ilipo. Bawa huinua vizuri likiikabili hewa kwa pembe ndogo. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, pembe ikazidi digrii 15 hivi, hewa iliyokuwa ikiambaa juu ya bawa hubanduka na kuvurugika, na kani ya kuinua huporomoka. Marubani huiita hali hiyo stoli. Haihusiani na kuzimika kwa injini, ingawa maneno ya mitaani huichanganya na hilo. Dawa yake hufundishwa kwa kila rubani tangu mwanzo: shusha pua, hewa ishikamane tena na bawa, kisha ndege itaruka.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, nayo ikiwa A330 kama ile ya Azores, ilipita katika eneo la mawingu ya dhoruba juu ya Atlantiki. Chembe za barafu ziliziba virija vya nje vinavyopima kasi, mtambo wa kuiongoza ndege ukajiondoa, na rubani aliyeshika usukani akaivuta pua juu. Ndege ikaingia katika stoli ikiwa karibu mita 11,500, na kwa muda mwingi wa kushuka pua ilibaki imeinuliwa huku mabawa yakiikabili hewa kwa pembe iliyozidi digrii 35. Injini zote mbili zilikuwa zikifanya kazi. Iliifikia bahari baada ya dakika kama tatu na nusu, ikishuka kwa takriban mita 55 kwa sekunde, na watu wote 228 walifariki. Mita 55 kwa sekunde ndiyo kasi ya mrukaji aliyejilaza kifudifudi kabla ya kufungua mwavuli. Mabawa yale yalikuwa yamegeuka ubao wa kukinza hewa tu, na ndege ilikuwa imefikia kitu kinachokaribia sana kasi kikomo aliyoisoma binti yako.

Ziweke ndege hizo mbili pamoja. Ni za aina moja. Ile isiyo na injini ilishuka mita 9 kwa sekunde na watu wakatoka kwa miguu yao. Ile yenye injini nzima ilishuka mita 55. Tofauti yao ilikuwa pembe ambayo mabawa yaliikabili hewa. Ndiyo maana nasema binti yako alikisogeza kitu cha kweli mahali pasipo pake: ndege inaweza kuanguka kama jiwe, lakini hilo hutokea bawa linapoacha kuwa bawa, nalo haliachi kuwa bawa kwa sababu tu injini imenyamaza. Baada ya msiba ule mafunzo ya marubani kuhusu stoli katika kimo kikubwa yalirekebishwa katika sehemu nyingi za dunia, na vile virija vya kupimia kasi vikabadilishwa katika ndege za aina hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilikiri. Kimo kikiwa ndicho mafuta, basi mahali pabaya pa kupoteza injini zote ni chini, mara baada ya kuruka, kwa kuwa hakuna kimo cha kutumia. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya US Airways iliyotoka LaGuardia, New York, iligongana na kundi la mabata bukini ikiwa haijafika mita 1,000, ikapoteza msukumo wa injini zote mbili. Rubani hakuwa na umbali wa kurudi uwanjani, lakini bado alikuwa na mabawa, akaiteremsha juu ya mto Hudson na watu wote 155 wakaokolewa. Hatari hiyo ipo, ni ndogo, na kuzimika kwa injini zote kwa pamoja ni tukio la nadra mno. Injini moja ikizimika, ndege ya injini mbili imetengenezwa na kuthibitishwa iweze kuendelea kuruka, hata kumalizia kupaa, kwa ile iliyobaki.

Nakuja kwenye lile tumbo lililokupanda kifuani. Mfuko wa hewa, kwa maana ya shimo lisilo na hewa ambalo ndege hutumbukia, haupo. Kilichopo ni hewa inayosogea juu na chini, kama mawimbi na mikondo ya bahari. Juu ya Ziwa Victoria na pembezoni mwake mikondo hiyo ni mikali, kwa sababu ziwa na nchi kavu hupata joto na kupoa kwa nyakati tofauti, na eneo hilo ni miongoni mwa yale yenye radi nyingi sana duniani. Ndege ikiingia kwenye mkondo unaoshuka, kani ya kuinua hupungua kwa muda mfupi, na ndege husogea chini. Mara nyingi umbali huo ni wa mita chache, ingawa abiria huapa kuwa ni mamia. Mwili wetu hauna kipimo cha kimo wala cha kasi. Una kipimo cha mabadiliko ya mwendo, kilekile kinachokushtua lifti inapoanza kushuka. Ndiyo maana mteremko wa dakika 20 huuhisi kidogo sana, na mtikiso wa nusu sekunde unaukumbuka mwaka mzima.

Mitikisiko hiyo haivunji mabawa, ambayo hujengwa yaweze kupinda sana kuliko unavyoyaona yakipinda dirishani. Inayemuumiza ni mtu asiyefunga mkanda, kwa kuwa ndege ikisogea chini haraka kuliko mvuto unavyomvuta yeye, dari humfuata kichwani. Funga mkanda muda wote uketipo, hata taa yake ikiwa imezimwa. Omba kiti karibu na mabawa, ambako mtikiso huwa hafifu kuliko mkiani.

Kuhusu kuendelea kusafiri, siwezi kukuamulia, ila naweza kukueleza ninavyopima. Njia mbadala ya kwenda Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na kwa kila kilomita ambayo mtu husafiri, ndege za abiria za ratiba ni salama kuliko barabara kwa tofauti kubwa. Ningekuwa ndugu yako wa damu, ningekuombea upande ndege. Lakini maelezo haya ya kani na mabawa yanatibu hofu inayotokana na kutokujua, na si kila hofu ni ya namna hiyo. Ikiwa utayaelewa yote niliyoandika na bado ukiwaza safari moyo unakwenda mbio, pumzi inakatika, unatetemeka au unakosa usingizi siku kadhaa kabla, nenda ukaonane ana kwa ana na daktari au mshauri wa saikolojia. Hofu ya kuruka inatibika, na huwa wanaitibu kwa kukuzoesha hatua kwa hatua. Maumivu ya kifua, kuzimia, au mapigo ya moyo yanayobadilika hata ukiwa ardhini hayasubiri ushauri wa mwalimu wa fizikia. Yapelekee hospitali mapema. Tafadhali usinunue dawa za usingizi dukani kwa ushauri wa rafiki, na usizichanganye na pombe ili upate ujasiri.

Binti yako naye aende na vikombe vyake vya karatasi kwa mwalimu wake wa fizikia, amwombe waipime kasi kwa saa na rula pamoja na wenzake, maana namba atakazozipata yeye mwenyewe zitamkaa akilini kuliko zangu. Wewe, daktari akikuambia kuwa mwili wako hauna tatizo, usianze na Mwanza. Kata tiketi ya Zanzibar, ambako ni dakika kama 20 tu angani, keti dirishani karibu na bawa siku ya asubuhi yenye hewa tulivu, na usikilize wakati sauti ya injini itakapopungua kabla ya kutua.